Radiateri ya Papa Siku ya Ndoa

Harufu ndiyo iliyonijulisha kwanza. Ilikuwa tamu, kama sukari inayoanza kuungua sufuriani, na ilinijia kila nilipozima gari mbele ya nyumba yetu katika mtaa wa Mapendo, mjini Goma. Nilidhani jirani anapika. Baada ya siku chache nikainama kuchungulia chini ya gari. Uwanja wetu ni mawe matupu ya volkano, meusi, yenye vitundu, na mawe hayo hunywa kila kinachomwagika. Sikuona kitu. Nikaingiza mkono, nikapapasa, na nilipoutoa vidole vilikuwa vimelowa na vinateleza. Yale maji yalikuwa ya kijani.

Papa, baba yangu, alikuwa amekaa kizingitini anapiga viatu rangi.

"Papa, gari inavuja," nikamwambia.

"Inavuja nini?"

"Maji ya radiateri."

Akaendelea kusugua kiatu. "Gari yote ya umri hii inavuja kidogo. Hata muzee anavuja."

Nilicheka kwa sababu yeye alitaka nicheke. Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuhesabu siku, maana ndoa ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia.

Lazima nieleze kuhusu ndoa hiyo, kwani bila ndoa lile gari lingekuwa gari tu. Sisi ni watu wa upande wa Bukavu, tuliohamia Goma Papa alipopata kazi ya ukarani kwenye ghala la wasafirishaji. Kijana aliyemposa mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na familia yake ni wakulima waliotoka Rutshuru wakajenga Kibati, kule juu barabara inapoelekea kaskazini. Waliomba misa ifanyike kwenye parokia yao, kwa kuwa bibi mzee wa kijana hakuweza tena kushuka mjini. Papa akakubali. Wakasema pia wataleta jipu, gari la mjomba wao, kumchukua bibi-arusi. Hapo Papa akakataa.

"Mutoto wangu atatoka kwangu ndani ya gari yangu," akasema mbele ya wazee wa pande zote mbili, na hakuna aliyembishia.

Nilimwelewa. Mwaka ule volkano ilipotoka tukaambiwa tuhame mji, ni gari hilo lililotufikisha salama mjini Sake, sisi wanne na watoto wa jirani tukiwa tumewapakata, bila kuzimika hata mara moja katika msongamano ule. Tangu hapo Papa alilizungumzia kama mtu aliyewahi kumsaidia. Tatizo ni kwamba macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na daktari alimkataza kuendesha. Kwa hiyo ahadi ilikuwa yake, usukani ulikuwa wangu.

Nikaanza kuishi na kile kipimo cha joto. Nilipokwenda kazini sikuangalia tena barabara kama zamani, niliangalia mshale. Ukikaa katikati, napumua. Ukisogea kidogo, mikono inalowa. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kuamka nilifungua kapo, kile kifuniko cha injini, nikaangalia ile chupa ya plastiki kando yake, na kila mara maji yalikuwa yameshuka chini ya alama. Nilijaza. Bomba la mtaa wetu hutoa maji linapotaka lenyewe, na wakati huo lilikuwa halitaki. Mama akanikuta siku moja na bidoni, dumu letu la njano la maji, mkononi.

"Unanywesha chuma," akasema. "Na siye tuoge na nini?"

"Mama, ikikauka itaungua."

"Basi mupeleke kwa fundi. Usimunyweshe siri."

Nikalipeleka mtaa wa Birere, kwa fundi mwenye garaji yake kwenye kichochoro nyuma ya wauza vitenge. Pikipiki zilipita karibu sana na mgongo wake alipokuwa ameinama, naye hata hakugeuka. Akaminya mipira ya maji mmoja mmoja, akapata mmoja uliovimba kama shingo ya mgonjwa, akaukata, akafunga mwingine.

"Sasa ni muzuri."

"Uko na hakika ni huo tu?"

"Mama," fundi akaniita kwa heshima, "gari ni kama mutu. Ukimutazama sana, atagonjwa."

Nilitamani kumwamini, na kwa siku kadhaa maji hayakushuka. Nililala vizuri. Kisha, Alhamisi ya wiki ile ile ya ndoa, nilizima gari uani nikabaki nimekaa ndani, na ile harufu ikapanda taratibu kutoka mbele ikanijaa puani.

Nilimpigia fundi. Alikuwa amekwenda msibani Masisi. Nikamwendea Papa, nikamwambia kwamba bado inavuja, kwamba mlima wa Kibati ni mrefu, kwamba tuwaombe wakwe ile jipu na hakuna atakayetucheka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Tutabeba maji," akasema.

"Papa."

"Tutabeba maji mengi."

Jumamosi asubuhi niliweka bidoni mbili kwenye buti, kando ya sanduku la mdogo wangu. Niliporudi mbele nikakuta shangazi wamepamba gari. Riboni nyeupe zilikuwa milangoni, na mbele kabisa, kwenye ule wavu ambamo hewa hupita kuipoza radiateri, walikuwa wamefunga ua la kitambaa kubwa kama sinia. Nikawauliza kama linaweza kuhamishwa juu ya kapo.

"Juu ya kapo litapeperuka," shangazi mkubwa akasema. "Na mbele ndiko watu wanatazama."

Sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza habari za hewa kwa wanawake waliokuwa wanaimba. Nikaacha.

Mama alitangulia na wamama wa parokia kwenye basi. Papa alikaa mbele pembeni yangu, amevaa suti yake ya kijivu, miguu ameibana. Mdogo wangu aliingia nyuma peke yake, kwa sababu gauni lilijaza kiti chote. Alikuwa amepakwa poda na rangi tangu alfajiri, na alikaa wima kama mtu aliyebeba yai. Tulifunga madirisha yote kwa ajili ya vumbi.

Nyuma yetu magari mengine yaliwasha taa na kupiga honi. Mbele yetu ilitangulia pikipiki, na juu yake, akiwa amekaa kinyumenyume, alikuwa kijana wa kupiga video. Alinyoosha kiganja kunionyesha niende polepole. Nilikwenda polepole. Akanyoosha tena, polepole zaidi. Yeye alitaka picha nzuri, nami nilitaka upepo. Injini inayovuja ikikosa upepo haina msaada mwingine, na pale mbele lilikuwepo lile ua. Kufika mwisho wa mji, kabla hata ya kuanza kupanda, mshale ulikuwa umeshapita katikati.

"Papa," nikasema kwa sauti ya chini.

"Naona."

Hakuweza kuona, kwa macho yale. Nadhani aliusikia uso wangu.

Barabara ikaanza kupanda. Chukudu, zile baiskeli za mbao, zilishuka kutupita, zimepakiwa makaa na kabichi, waliozipanda wakituangalia na kutabasamu. Nilibadilisha gia, injini ikanguruma kwa sauti nzito, na mshale ukapanda kama mtu anayepanda ngazi akijua anakokwenda. Nikamkumbuka dereva mmoja wa ofisini aliyewahi kuniambia kwamba gari likishikwa na joto, ufungue shofaji, kipasha joto cha gari, hadi mwisho, ili lile joto la injini lije ndani kwa watu. Mjini kwetu watu hawaihitaji shofaji, ila asubuhi za baridi ya mvua. Nikaifungua yote.

Hewa iliyotoka ilikuwa kama ya tanuri la mkate.

"Yaya," mdogo wangu akaniita kutoka nyuma, kama tunavyomwita dada mkubwa, baada ya muda mfupi. "Kuna nini huku? Naungua."

Papa aligeuza uso kwenye dirisha. Nikajua jibu limeachwa kwangu.

"Radiateri inavuja," nikasema. "Nimefungua joto ije ndani ili motere isife. Ukitaka hewa nafungua dirisha, lakini vumbi itaingia kwenye gauni."

Nilimwangalia kwenye kioo. Jasho lilikuwa limeanza kuchora njia kwenye poda, kutoka kwenye nywele hadi kidevuni. Aliangalia gauni lake, akaangalia barabara, ambako lori lilikuwa linakuja na wingu lake.

"Acha madirisha," akasema. "Gauni ni ya kukodi. Uso ni wangu."

Akachukua leso ya Papa, akaanza kujipangusa. Tulikwenda hivyo, watatu ndani ya tanuri, na honi za furaha nyuma yetu. Shati la Papa lilishika mgongoni. Mikono yangu iliteleza kwenye usukani. Mshale ukarudi nyuma kidogo, nikaanza kusali sala ambazo sikuzisali tangu shuleni, nikizirukaruka katikati, nikirudia mwanzo. Kisha tukafika mahali ambapo lava ya mwisho ilikata barabara, kule juu ya mawe meusi ambayo mimea bado haijayafunika. Mwinuko ulikuwa mkali, kijana wa video akanyoosha kiganja, nikapunguza mwendo, na mshale ukaenda hadi mwisho wake ukalala pale.

Mvuke ulitoka pande zote mbili za kapo. Nilivuta gari pembeni nikazima.

Ndani ya kapo kulikuwa na mlio kama wa chungu cha maharagwe. Halafu Papa akafungua mlango, akashuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza, akaenda mbele. Akaling'oa lile ua kwa mikono miwili akalitupa kwenye mawe. Akainua kapo. Nilipomfikia alikuwa ameshavua koti, amelizungushia mkono, na mkono unakwenda kwenye kifuniko cha radiateri.

"Papa, usifungue."

"Inahitaji maji."

"Ukifungua sasa itakurukia machoni."

Hakunisikia. Nikamshika kifundo cha mkono, nikakivuta kwa nguvu zangu zote, na sijawahi kumshika baba yangu namna hiyo, wala kabla wala baadaye. Alinitazama. Macho yake yenye ukungu yalikuwa yamejaa machozi, sijui ni ya mvuke au ni ya nini.

"Ilitufikisha Sake," akasema.

"Najua, Papa."

"Na watoto wa watu ndani."

"Najua."

Magari ya nyuma yalisimama. Mjomba wa bwana-arusi akaja na jipu yake, mtu mpole mwenye kofia mkononi, akasimama mbali kidogo kama mtu anayekuja kutoa pole. Alisema nafasi ipo, na padri anasubiri. Papa akavaa koti lake lililolowa mvuke, akafunga vifungo vyote.

"Mumupeleke," akasema. "Miye nabaki na gari."

Mdogo wangu alikuwa ameshashuka. Alikuwa amekusanya gauni mikononi, na usoni hakuwa na poda tena, ni ngozi yake tu, inang'aa. Akatembea juu ya mawe na viatu vile vyeupe hadi alipo Papa.

"Papa, kama unabaki, na miye nabaki."

"Padri anangojea."

"Angojee. Nani ataniingiza kanisani?"

Papa aliangalia gari, akamwangalia mtoto wake.

"Miye ndiye nitabaki," nikasema. "Nenda, Papa. Nitalileta."

Alikubali kwa kichwa. Mdogo wangu alinikumbatia harakaharaka, uso wake ukiwa bado wa moto, wakaingia kwenye jipu, na msafara wote ukanipita ukiwa umeacha kupiga honi.

Nilibaki peke yangu na gari lenye riboni. Ndipo hofu iliyokuwa imegawanyika kwa watu watatu ikanirudia yote. Nilifikiri juu ya injini, kama imepasuka ndani. Nilifikiri juu ya moyo wa Papa. Kisha nikaanza kufikiri juu ya ile barabara, ambayo mtu hapendi kukaa pembeni yake bila sababu. Gari la askari lilipita likipanda, likapunguza mwendo, likarudi nyuma. Mmoja akaniuliza bila kushuka:

"Kuna nini hapa?"

"Maji imeisha, chef. Tunaenda kwenye ndoa."

Akaangalia riboni, akaangalia kapo iliyo wazi, akaniangalia mimi na vazi langu la njano. Aliangalia muda mrefu. Nilikuwa nimeshika ufunguo mpaka meno yake yakaniumiza kiganja.

"Bibi-arusi ni wewe?"

"Hapana, chef. Ni mudogo wangu. Ametangulia."

"Pole," akasema, na wakaondoka.

Mama mmoja alikuwa ametoka kwenye nyumba ya mbao iliyo juu kidogo ya barabara. Nadhani alisubiri kwanza lile gari liondoke. Alishuka akiwa na kitenge mkononi.

"Ihangane," aliniambia, yaani vumilia, kwa Kinyarwanda chao. "Funika vazi. Hapa ni vumbi."

Nikajifunika. Tukakaa kwenye jiwe kungoja injini ipoe. Hakuuliza mengi. Aliuliza nani anaolewa, nikamwambia, akasema anamfahamu bibi wa yule kijana, kwamba zamani waliuza maharagwe pamoja. Aliniletea kiazi cha kuchemsha kwenye kisahani. Sikuweza kukimeza, akaniambia kila mara, "Kula, mwanangu, chuma hakipoi kwa kukitazama."

Nilipoweza kugusa kapo bila kuondoa mkono, nilifunga kitambaa kwenye kifuniko nikakizungusha kidogo kidogo, nikigeuza uso. Kilipiga mluzi mrefu, kikanyamaza. Ndani kulikuwa kukavu. Nikawasha, nikaanza kumimina bidoni taratibu injini ikizunguka, nikisikiliza kila mlio kana kwamba ni pumzi ya mgonjwa. Bidoni ya kwanza ikaisha. Ya pili, nilipotaka kuichukua kwenye buti, nikakuta sanduku lililoilalia limeitoboa na maji yote yamekwenda. Nilisimama nikaangalia zulia lililolowa. Yule mama alikwenda kwenye pipa lake la maji ya mvua, lililokuwa chini ya nusu, akachota akanijazia ile ya kwanza.

"Hayo ni ya kwako ya kupikia," nikamwambia.

"Mvua itanyesha," akasema.

Injini haikupiga kelele mbaya. Mshale ukapanda hadi katikati ukakaa. Nilikwenda na madirisha wazi, bila video, bila ua, kwa mwendo niliotaka mimi, na nilipofika parokiani watu walikuwa wanatoka nje wakiimba. Nilikuwa nimeikosa misa yote. Mdogo wangu alitokea mlangoni na mume wake, uso wake ule ule usio na poda, na nikaona watu wanamtazama kwa namna ambayo hawatazami poda. Papa alikuwa nyuma yao. Alisikia sauti ya gari kabla hajaliona.

Alishuka ngazi polepole akanijia. "Imewaka?"

"Imewaka, Papa."

Akaweka mkono juu ya kapo, akauondoa kwa sababu bado kulikuwa na joto. "Uliikosa ndoa ya mudogo wako."

"Utanielezea."

Akajaribu kunielezea pale pale, tangu mwanzo, ni wimbo gani waliingia nao, padri alisema nini. Nilikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, nikamwacha aeleze.

Baada ya wiki moja, fundi wa Birere aliporudi kutoka msibani, alifungua tena akakuta ni pompa ya maji iliyokuwa imechoka, inatoa tone moja moja kutoka nyuma ambako mkono haufiki. Akafunga nyingine iliyotumika. Papa hakusema lolote juu ya kuliuza gari, na sisi hatukumwuliza.

Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Tulikuwa tunashuka kutoka Kibati, Papa mbele, Mama nyuma amelala na sinia za chakula magotini, na mimi bado nautazama mshale. Papa akaniambia nisimame kwa yule mama. Nilimwonyesha nyumba. Alishuka na sahani iliyofunikwa na chupa mbili za fanta, akapanda yale mawe akishika hewa kwa mkono mmoja. Yule mama alikuwa anaanua maharagwe yake kwenye mkeka kabla ya giza.

"Mwiriwe," Papa akasema. Ndiyo salamu pekee ya Kinyarwanda aliyokuwa amejifunza kwa ajili ya wakwe, na siku nzima hakuwa amethubutu kuitumia.

"Mwiriwe neza, muzee," mama akajibu, akamvutia kigoda.

Nilidhani atakataa kwa sababu ya giza. Alikaa. Akavua viatu vyake vilivyopigwa rangi, akaviweka kando, akanyoosha miguu iliyovimba juu ya jiwe, na yule mama akaendelea kukusanya maharagwe huku akimuuliza kama mtoto alilia wakati wa kuaga.

"Hakulia," Papa akasema. "Miye ndiye nililia."